Maswali ya wasomaji: kiwanja cha ndege cha kijijini

Barua tulizochagua mara hii zinahusu jambo moja: viwanja vidogo vya ndege vya vijijini, vile vya udongo na majani visivyo na uzio wala mnara wa kuongozea. Wengi walioandika wanaishi hapa Dar es Salaam lakini kwao ni mbali, na masika yakishakata barabara, ndege ndogo ndiyo njia pekee inayobaki. Tumewajibu kwa vipimo, ili barua ikifika kijijini iweze kufanyiwa kazi.

Ndugu wahariri, salaam. Sisi ni umoja wa watu wa kijiji kimoja tunaoishi Dar. Kijijini kuna kiwanja cha zamani, urefu kama mita 900, kimeota ukoka na vichaka. Tumechanga fedha kidogo na tunataka kukodi greda likikwangue kiwe cheupe. Ushauri wenu? – Umoja wa wanakijiji, Tabata

Ndugu zetu, greda liwe la mwisho, na huenda msilihitaji kabisa. Kiwanja kilichoshikwa na ukoka tayari kina mtaji: mizizi iliyosukana ndiyo inayobeba tairi na kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Greda likikwangua tabaka hilo, kiwanja kitapendeza kwenye picha hadi mvua kubwa ya kwanza. Baada ya hapo ni makorongo. Mguu wa mbele wa ndege ndogo ni dhaifu kuliko ile ya nyuma. Ukitumbukia kwenye mfereji kwa kasi unavunjika, pangaboi linapiga chini, na injini inabidi ifunguliwe kwa ukaguzi kabla ya kuruka tena.

Anzeni na karatasi. Halmashauri ya kijiji iandike kwenye muhtasari wa kikao kwamba eneo hilo ni la kiwanja, pamoja na akiba ya pembeni na ya miishoni, maana mashamba huingia kidogo kidogo kila msimu. Kisha waandikieni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), ambayo ndiyo msimamizi wa mambo haya, na muwaulize mapema wenye ndege mnaotaka waje: ndege zao ni za aina gani na zinahitaji nini.

Baada ya hapo pimeni. Mnahitaji utepe wa mita 50, vigingi, na ule mpira mweupe wa maji ambao mafundi ujenzi hutumia kusawazisha msingi. Pigeni kigingi kila baada ya mita 20 katikati ya njia, mwanzo hadi mwisho. Jazeni mpira maji na mtoe mapovu yote, kwa sababu povu moja la hewa linaharibu kipimo. Mmoja ashike ncha kwenye kigingi cha kwanza, mwingine kwenye cha pili, maji yakitulia kila mmoja apime kutoka usawa wa maji hadi ardhini. Tofauti ya sentimita 40 kwa mita 20 ni mteremko wa asilimia 2. Huo ndio ukomo ambao viwango vya kimataifa vinaupendekeza kati ya sehemu ya juu kabisa na ya chini kabisa ya kiwanja cha daraja dogo. Viko viwanja vya milimani vinavyozidi hapo, ila hivyo hutumiwa kwa kutua kuelekea mlimani na kuruka kuelekea bondeni, na ni kwa rubani aliyeidhinishwa kuvitumia.

Upana wa njia yenyewe uwe angalau mita 18. Eneo lote lililosafishwa liwe mita 60, yaani mita 30 kila upande wa mstari wa katikati, na liendelee mita 30 mbele ya kila mwisho. Njia iwe na mgongo katikati ili maji yaende pembeni: kwa upana wa mita 18, ukingo uwe chini ya mgongo kwa sentimita 9 hadi 18. Mifereji ikae nje ya eneo lililosafishwa, mipana na ya kina kifupi. Ule mfereji mwembamba wenye kuta zilizosimama, kama wa barabarani, ni mtego kwa ndege iliyotoka njiani.

Sasa miti. Kipimo ni mita 1 ya kwenda juu kwa kila mita 20 za kwenda mbele, na hesabu inaanzia mita 30 baada ya mwisho wa njia. Mwembe wa mita 15 basi unatakiwa uwe angalau mita 330 kutoka mwisho wa njia. Urefu wa mti mtaupata kwa kivuli: simamisheni fimbo ya mita 1, pimeni kivuli chake, na papo hapo pimeni kivuli cha mti. Fimbo ikitoa kivuli cha sentimita 60 na mti ukatoa mita 9, mti una mita 15. Msisahau minara ya simu. Ikisimikwa mpya karibu, wenye ndege waambiwe kabla nguzo haijamalizika.

Kwenye vichaka, msikate visiki usawa wa ardhi na kuviacha. Kisiki kikioza chini kinaacha shimo ambalo halionekani kutoka juu. Ng'oeni na mizizi, jazeni udongo kwa tabaka za sentimita 15, mwagieni maji kiasi, shindilieni, kisha tabaka lingine. Kichuguu nacho hakitoshi kukibomoa juu. Chimbeni hadi kwenye vyumba vyake, la sivyo mchwa watakiinua tena. Udongo wake msiutupe. Ukipondwa na kushindiliwa unakuwa mgumu sana, na unafaa kuzibia mashimo ya mhanga na ya fuko.

Fedha yenu tungeigawa hivi: mpimaji wa siku moja athibitishe vipimo, lori chache za moramu kwa sehemu laini tu, alama za pembeni, soksi ya upepo (mfuko wa kitambaa unaomwonyesha rubani upepo unatoka wapi), na zinazobaki ziwe posho ya watu wa kufyeka. Majani yasizidi sentimita 20. Kiwanja kinachofyekwa kila mwezi wakati wa mvua ni bora kuliko kilichotengenezwa kwa mamilioni kikaachwa.

Rubani alituambia kiwanja chetu kinatosha asubuhi lakini mchana hakitoshi kwa mzigo uleule. Kiwanja ni kilekile, mita ni zilezile. Alikuwa anatukwepa? – Msomaji, Mbagala

Hakuwakwepa, ndugu yetu. Mita hazijabadilika, hewa ndiyo iliyobadilika. Hewa ya moto ni nyepesi, hivyo bawa linapata kani ndogo ya kuinua, pangaboi linashika hewa kidogo, na injini inapungua nguvu. Mwinuko kutoka usawa wa bahari unafanya vivyo hivyo.

Tuchukue mfano. Tuseme kitabu cha ndege kinasema inahitaji mita 500 kutoka kuanza kukimbia hadi kufika mita 15 juu, kwenye lami, usawa wa bahari, nyuzi 15. Mwongozo wa mamlaka ya anga ya Uingereza kwa ndege ndogo unasema ongeza asilimia 10 kwa kila futi 1,000 za mwinuko, asilimia 10 kwa kila nyuzi 10 za joto la ziada, asilimia 20 kwa majani makavu mafupi, na asilimia 10 kwa kila asilimia 2 za mteremko njia ikiwa ya kupanda. Vyote vinazidishwa, havijumlishwi.

Kijiji kikiwa futi 3,000 (karibu mita 900), joto la kawaida la mwinuko huo katika hesabu za anga ni nyuzi 9. Saa moja asubuhi kipimajoto kinasoma 19, yaani nyuzi 10 za ziada. Kwa majani makavu, kiwanja tambarare, mita 500 zinakuwa 878. Saa nane mchana kipimajoto kinasoma 29: zinakuwa 966. Kiwanja cha mita 900 kimeshapitwa, na bado hatujaweka akiba ya usalama. Mwongozo huohuo unataka uzidishe kwa 1.33 kabla ya kuamua, kwa hiyo hata asubuhi ile ndege ingetaka mita 1,168. Rubani anatoka hapo kwa njia moja tu: kupunguza uzito. Uzito ukizidi kwa asilimia 10, umbali wa kuruka unaongezeka kwa asilimia 20, na ukipungua umbali unapungua pia. Ndiyo maana mnaona gunia linashushwa au abiria mmoja anaombwa asubiri zamu ya pili. Msigombane naye, na msiombe "kilo tano tu" wakati milango imeshafungwa.

Ndege ilizunguka kijiji mara mbili na kuondoka bila kutua, na mgonjwa alikuwa uwanjani kwenye machela. Watu walikasirika sana. Kuna haki hapo? – Mama wa Kigamboni

Pole sana, mama. Uchungu huo unaeleweka, na kwa sehemu kubwa unaweza kuzuiwa na watu walioko chini.

Mzunguko wa kwanza ni wa kukagua. Rubani anatazama soksi ya upepo, mifugo, madimbwi, nyayo za ng'ombe zilizokauka na kuwa ngumu, njia mpya za bodaboda zinazokatiza, na watu. Hapa Dar, uwanja wa Julius Nyerere una njia mbili zenye mielekeo tofauti, 05/23 na 14/32 (namba hizo ni mwelekeo wa dira kwa makumi ya nyuzi), kwa hiyo upepo ukigeuka rubani anageuka nao. Kijijini njia ni moja. Upepo ukivuma kwa nguvu kutoka ubavuni hana pa kuchagua. Kisha kuna unyevu: majani mabichi yaliyolowa yanaongeza umbali wa kutua kwa asilimia 35, na majani mafupi sana yaliyolowa juu ya ardhi ngumu yanaweza kufikisha asilimia 60, kwa sababu breki zinateleza. Ndege ikitua hapo na kuishia shambani, mgonjwa wenu hana usafiri na mna majeruhi wengine.

Dawa ni taarifa ya kweli kabla ndege haijaondoka. Kijiji kichague watu wawili wenye simu, wakae uwanjani saa moja kabla, na waseme haya: mvua ya mwisho imenyesha lini na kiasi gani, maji yamesimama wapi, kwa kuhesabu mita kutoka mwisho upi, upepo unatoka upande gani, mlima fulani wanaoujua umbali wake unaonekana au umefunikwa, mifugo iko wapi. Ugumu wa ardhi wapime kwa pikapu iliyopakia mzigo: ipite taratibu kwa kupindapinda njia nzima, kisha watembee nyuma yake. Tairi likiacha mfereji unaozama, sehemu hiyo haifai. Ndege kama Cessna Caravan ikijaa ina uzito wa karibu tani 4 juu ya magurudumu matatu, haiendi palipoishinda pikapu. Mahali pabaya pawekwe alama inayoonekana kutoka juu, na kiwanja kizima kikiwa hakifai, wekeni msalaba mkubwa mweupe wa umbo la X juu ya njia. Rubani yeyote anaujua.

Jambo moja tunalisisitiza: msimpambie rubani taarifa ili aje. Ukisema "pakavu" pakiwa na tope, ndege itakuja, itazunguka na kuondoka, na mafuta na saa mlizozipoteza zingeweza kutumika kumpeleka mgonjwa kwa mtumbwi au kwa machela hadi penye barabara.

Tukiwasha moto au koroboi pande zote mbili za njia, ndege inaweza kutua usiku? – Kijana wa Temeke

Hapana. Kiwanja kisicho na taa ni cha mchana tu, na moto hauonyeshi mbuzi, shimo wala mti. Huku kwetu karibu na ikweta giza huingia haraka: jua likizama mnabaki na dakika ishirini hivi za mwanga wa kufaa. Kwa hiyo ukipiga simu saa kumi alasiri, mara nyingi jibu litakuwa kesho alfajiri. Hata hivyo piga simu usiku uleule, usisubiri kuche. Wenye ndege wanahitaji muda wa kupanga mafuta, uzito na viti vya kutoa ili machela iingie.

Muwe na uzito wa mgonjwa na wa msindikizaji, mmoja tu, pamoja na barua ya rufaa. Mhudumu wa zahanati aseme wazi kama kuna jeraha la kifua, tumbo lililovimba, upasuaji wa karibuni au jeraha la jicho. Ndege nyingi ndogo hazina mfumo wa kuongeza shinikizo la hewa ndani, na kwenye futi 10,000 hewa iliyonaswa mwilini hupanuka kwa karibu nusu ya ujazo wake wa awali. Daktari akijua mapema anaweza kutoa hewa hiyo kabla ya safari, au rubani akapanga kuruka chini zaidi.

Naenda kijijini kwa ndege ndogo kutoka Dar. Naruhusiwa kubeba nini? – Mfanyabiashara, Kariakoo

Kampuni nyingi za ndege ndogo hapa nchini zinaruhusu kilo 15 kwa kila abiria, begi la mkononi likiwemo, na zinataka begi laini lisilo na fremu, kwa sababu sehemu ya mzigo chini ya tumbo la ndege ni ndogo na ina pembe. Nawe utapimwa, usione haya, wala usipunguze kilo kwa mdomo. Mtungi wa gesi, petroli, jenereta yenye mafuta tangini, na betri ya gari yenye tindikali viache. Pawabenki iwe mkononi, isiwe kwenye begi la chini.

Kijiji kimeombwa kutunza mapipa ya mafuta ya ndege. Tufanyeje yasiharibike? Na je, yakiisha, mafuta ya taa hayafai? – Msomaji, Ubungo

Tuanze na la mwisho: hayafai, hata kidogo. Mafuta ya injini za turbini (tabo), Jet A-1, ni ndugu wa mafuta ya taa, lakini yanapimwa usafi, maji na kiwango cha kuganda katika kila hatua hadi kwenye tangi. Zaidi ya hayo, ndege ndogo za injini ya pistoni hutumia petroli maalumu ya ndege ya rangi ya bluu. Ukiweka Jet A-1 kwenye injini hiyo, inaweza kuwaka vizuri chini kwa petroli iliyobaki kwenye mabomba, kisha ikazimika ndege ikishaacha ardhi. Andikeni aina kwa herufi kubwa ubavuni mwa kila pipa, na aina mbili zisikae chini ya paa moja.

Adui mkubwa ni maji. Pipa la lita 200 likisimama wima nje, mvua hutuama juu kwenye vizibo. Mchana mafuta yanapanuka, usiku yanapoa na kusinyaa, na pipa linavuta ndani kile kilichoko juu ya kizibo. Lilazeni basi kwenye magogo mawili, kivulini, vizibo viwili vikiwa kwenye mstari mmoja wa mlalo, usawa mmoja kulia na kushoto, ili mafuta yavifunike kwa ndani na kulowesha mpira wake. Siku ya kutumia, lisimamisheni na kuliinamisha kidogo kwa kigogo chini ya upande mmoja, liachwe litulie ili maji na uchafu vijikusanye kwenye kona ya chini. Bomba la pampu liingie upande wa juu na lisifike chini. Sentimita chache za mwisho hazipandi kwenye ndege. Chujeni kwa chujio la kuzuia maji, na waya wa kuondoa umeme tuli uunganishwe kati ya pipa, pampu na ndege kabla ya kufungua kizibo cha tangi. Pipa lililokwishafunguliwa likabaki nusu, mwambieni rubani hivyo. Yeye ndiye atakayeamua.

Watoto wa shule hukimbilia ndege ikitua. Tufanye nini? – Mwalimu mstaafu, Upanga

Shikamoo mwalimu. Hili ndilo linalotutia hofu kuliko yote. Pangaboi la Caravan huzunguka hadi mara 1,900 kwa dakika, na kwa kasi hiyo halionekani kabisa. Fungeni kamba mita 50 kutoka mahali ndege inaposimama, watu wazima wawili wenye filimbi wasimame hapo, na mtu asivuke hadi pangaboi lisimame kabisa na rubani aite. Wapakiaji waingie kwa nyuma ya bawa na watoke njia hiyohiyo, bila kupita mbele hata injini ikiwa imezimwa. Wafundisheni watoto wimbo au gwaride la kusimama nyuma ya kamba. Walimu mnajua kuliko sisi.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeombwa kushona soksi ya upepo na sina mfano. – Fundi, Kariakoo

Fundi, kipimo cha chini kinachopendekezwa kimataifa ni urefu wa mita 3.6 na mdomo wenye kipenyo cha sentimita 90. Mkia uwe nusu ya mdomo, sentimita 45, na uwe wazi. Kata vipande vinne vyenye umbo la gauni la pande: kila kimoja sentimita 71 mdomoni na 35 mkiani, ongeza sentimita 1.5 za mshono kila upande, na sentimita 10 kwenye urefu kwa ajili ya pindo la mdomo. Kitambaa cha upana wa mita 1.5 kinatoa vipande viwili kwa mpigo ukivilaza kichwa kwa mkia, kwa hiyo nunua mita 8. Chagua nailoni nyepesi ya rangi ya chungwa au nyeupe. Turubai ni zito na halitaamka kwa upepo mdogo. Tumia uzi wa nailoni, mshono mara mbili, na mdomo uuimarishe kwa utepe wa begi.

Pete ya mdomo mwachie fundi wa kuchomelea: nondo ya milimita 10, izunguke juu ya bomba la mita 6. Kitovu cha gurudumu la baiskeli kikiwekwa grisi kinazunguka vizuri sana. Nguzo iwe na bawaba chini ili ishushwe bila ngazi. Isimame wazi, mbali na miti na majengo, na kuizunguka pawekwe duara la mawe meupe lenye kipenyo cha mita 15 na upana wa mita 1.2, mawe yazikwe usawa wa ardhi. Soksi nyingi hunyooka kabisa upepo ukifika kama kilomita 28 kwa saa, na rubani huisoma hivyo, kwa hiyo usiibane mkia zaidi ya kipimo. Jua letu hula nailoni, basi shona mbili, moja ikae stoo kwa mtendaji wa kijiji.